Mama Amefunga

Jumanne, 10 Machi 1964

Tumefika. Nchi ya babu ndiyo hii: majabali meusi, jua, na kibanda cha makuti ya mtende nje ya lango kubwa la Maskati. Kibanda katupa Ami Harub, binamu yake marehemu baba. Mungu amlipe, maana wengine waliotuahidi mambo makubwa hata pwani hawakuja kutupokea. Tuko watatu: mama, ndugu yangu Marhoon, na mimi.

Nikauliza choo kiko wapi. Ami Harub akatazama chini, akasema mwanamke jirani atatuonyesha.

Jumatano, 11 Machi

Sijui niandike vipi, lakini nisipoandika nitapasuka.

Baada ya sala ya alfajiri jirani akabisha. Jina lake Masouda, mnene, barakoa nyeusi usoni, na sauti ya mtu anayenadi samaki. Kiswahili anakijua, utotoni alikaa Wete kwa mjomba wake. "Yalla, wageni, twendeni baharini!" Kutoka nje, wanawake wa mtaa mzima wamekusanyika, kila mmoja na kopo lake la maji mkononi, wanacheka kama waendao harusini. Mama akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wanakwenda kuoga?"

Kumbe baharini ndiyo chooni. Ua wa mawe pale ufukweni, hauna paa, ndani hamna kuta wala mlango, mashimo yamepangwa ubavu kwa ubavu, na bahari ikijaa inapita chini kuosha. Wakachutama safu nzima, barakoa usoni, na huku chini, astaghfirullah, kila kitu nje. Na wanazungumza! Bei ya papa, nani kaposwa, nani kapigwa na mumewe. Mmoja akamgeukia mama, palepale alipo, akamsalimu, akamuuliza yeye kabila gani, ana watoto wangapi, na huko Unguja wamekufa watu wangapi. Mama kasimama na buibui lake, kopo limejaa pomoni. Akajibu kila swali kwa adabu, kisha akarudi vilevile alivyokwenda.

Njiani akaniambia, "Mahbuba, hawa uso wanauficha, wanachotakiwa kuficha wanakianika?" Mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Kwetu Unguja, nyumba ya Mkunazini, choo chetu kilikuwa juu, nyuma ya ngazi, mlango wa msaji na komeo kwa ndani. Mama alitulea kwa kauli hiyo moja: mtu wa heshima hajulikani anakwenda saa ngapi. Baba mwenyewe, miaka yote ya ndoa yao, hakupata kumwona akiingia.

Jumamosi, 14 Machi

Joto. Marhoon kapata kazi forodhani, anaandika magunia. Wanaume wana mahala pao nyuma ya jabali. Nikimuuliza kukoje, ananiambia nisimuulize.

Jumatatu, 16 Machi

Mama amefunga. Anasema analipa. Ramadhani ya mwaka huu ilimkuta kizuizini, yeye na wanawake wengine, na habari za huko hajatuhadithia hata neno moja. "Deni la Mungu ndilo la mwanzo kulipwa," kasema. Nikamwambia apumzike kwanza, safari imemchosha. Akanijibu, "Nimekwisha tia nia."

Ijumaa, 20 Machi

Mama amefunga. Magharibi Masouda kaleta tende na kahawa, na sauti yake. "Mama yenu mtu wa Mungu, wallahi! Jua hili, sisi tunalia kwa kiu, yeye anafunga!"

Mimi naenda uani na kopo langu kila siku. Nimejifunza kutazama ukuta. Wananiuliza mambo, najifanya sisikii Kiarabu chao, na hilo si uongo sana.

Jumamosi, 28 Machi

Mama amefunga.

Alkhamisi, 2 Aprili

Mama amefunga. Habari zimeenea mtaani. Wanamwita Hajjat, na Makka hajaiona hata kwenye picha. Jana kaja bibi na mjukuu mwenye homa ili mama amsomee. Leo wamekuja wawili wengine. Mama anawasomea, midomo imemkauka, anatabasamu. Na mimi, niseme kweli, nimefurahi. Tangu tushuke chomboni watu wanatuita masikini, masikini, mpaka neno limenikifu. Leo nikipita kisimani wananipisha: mtoto wa Hajjat huyo.

Jumatano, 8 Aprili

Nimegombana na Masouda.

Tulikuwa tunarudi kutoka uani. Akanivuta kando na, kwa mara ya kwanza, akateremsha sauti. "We Mahbuba, mama yako haji baharini."

"Amefunga," nikamwambia.

"Mtu akifunga tumbo halifungwi kwa kamba. Usiku si anakula? Si anakunywa? Sasa anakwenda wapi? Mimi nnaamka kabla ya wote, simuoni."

Mwanamke huyu anamhesabia mama yangu safari za haja! Nikamwambia kwetu mambo haya hayasemwi, na mwenye adabu hayafuatilii, na kama yeye hana la kufanya akahesabu mbuzi wake. Akanitazama kupitia matundu ya barakoa. "Haya, mwanangu," akasema, akenda zake. Kaniita mwanangu, na hanizidi hata miaka kumi.

Nikamweleza mama nikidhani atakasirika pamoja nami. Akageukia ukutani, akasema kichwa kinamgonga.

Jumatano, 15 Aprili

Mfunguo Tatu, mwezi wa kuhiji, umeingia. Mama amefunga, na sasa hata hakuna wa kumzuia, maana siku hizi tisa kabla ya Idi nani atamwambia mtu aache? Joto limekuwa la kumtoa mtu machozi. Usiku tunalala nje na bado jamvi linaunguza. Mama anashika kiuno anapoinuka. Macho yameingia ndani. Daku namwekea wali na kopo la maji, na asubuhi nalikuta kopo tupu, basi moyo wangu unatulia.

Jumapili, 19 Aprili

Mama amefunga. Marhoon kasema, "Mama anazidi kuwa mdogo." Nikamwambia aende zake na maneno yake.

Jumatano, 22 Aprili. Idi

Nataka niandike hili leo leo.

Asubuhi watu wamesali, mtaa mzima unanukia nyama. Ami Harub katuletea sahani ya wali wa kupondwa na nyama, na halua. Tukakaa sote watatu. Mimi nikammiminia mama maji, nikampa mkononi, nikamwambia, "Haya mama, leo ni haramu kufunga, kunywa tukuone." Akacheka kidogo. Akapeleka kopo mdomoni. Marhoon akaitwa nje na mimi nikageuka kuchukua sahani, na nilipomtazama tena, mkono wake uko pembeni mwa jamvi, anamimina. Taratibu, mchangani, kama mtu anayemwagia mche.

Nikainua jamvi. Mchanga wa upande wake wote umelowa na kukauka na kulowa tena. Ndipo nilipojua kopo la daku linakwenda wapi kila siku.

"Mama, umefunga? Siku ya Idi?"

"Sijafunga."

"Basi kunywa."

Akaliweka kopo chini.

"Mama, kunywa!"

Akaniambia, bila hasira, kama anamweleza mtoto: "Nikinywa nitakwenda. Nikenda nitaonekana."

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, tena siku ya Idi, majirani wote wanasikia. Nilimwambia hii si saumu, huku ni kujiua, Mungu hataki saumu ya namna hii, na heshima gani hiyo ya kufia jamvini? Akaningoja mpaka nikaishiwa. Kisha akanihadithia. Kule kizuizini walikuwa wakiwapeleka haja kwa zamu, mlango wazi, kijana na bunduki yake kasimama anatazama. "Kijana wa umri wa wanafunzi uliokuwa ukiwasomesha Unguja, Mahbuba. Siku ya kwanza nikamwomba ageuke. Akacheka, akawaita wenzake. Nikala kiapo kwa Mwenyezi Mungu kwamba sitaonekana tena na mwanaadamu mpaka niingie kaburini."

Nimemuuliza tangu tufike amekwenda mara ngapi. Akasema kidogo kidogo, usiku, nyuma ya kibanda, na sasa hata hiyo haja haimjii sana. Kasema kwa furaha, ati mwili umemsikia.

Ijumaa, 24 Aprili

Marhoon nimemwambia. Kachukua sururu kwa Ami Harub na kaanza kuchimba nyuma ya kibanda. Atajenga choo, na mlango, na komeo.

Jumatatu, 27 Aprili

Jabali. Kachimba hadi kifundo cha mguu, kakuta jabali. Kahamia upande wa pili, jabali. Mikono imechubuka yote, jioni nimemfunga vitambaa. Nchi hii haikubali hata shimo. Nikasema basi tutie ndoo na pazia, mimi nitaimwaga mwenyewe. Mama akaja juu: "Nilikubeba wewe, siyo wewe unibebee mimi najisi mbele ya watu!" Na huyo ni mtu asiyeweza kusimama bila kushika nguzo.

Alkhamisi, 30 Aprili

Nimemshika kwa nguvu nikamtia maji mdomoni kwa kijiko. Akayatema. Tumelia sote wawili.

Jumapili, 3 Mei

Nimekwenda kwa Masouda. Nilikaa mlangoni kwake, na yeye akanipa kahawa kana kwamba sijapata kumtukana. Nikamweleza, yote, hata kijana mwenye bunduki. Akavua barakoa. Ni mara ya kwanza nimemwona uso wake. Una alama za ndui, na ulikuwa umeloa machozi. Akasema, "Mimi nilijua hanywi. Midomo yake. Nilijua, nikaogopa ulimi wako."

Kisha akauliza, "Kiapo si kina kafara?"

Jumanne, 5 Mei

Ami Harub ameuliza kwa mashekhe. Kiapo hutenguliwa kwa kulisha masikini kumi. Masouda akapiga makofi. "Kumi tu? Humu mtaani hata kabla hatujavuka njia tutakuwa tumezidi!" Na mama, wallahi, akacheka. Sauti ya kicheko chake nilikuwa nimeisahau.

Mchele katoa Ami Harub. Nimepika wali na mchuzi wa papa, na wanawake kumi wa uani wamekuja kula, mikono wamenawa, wamekaa kwa adabu kupita kiasi. Walipomaliza, Masouda akamjazia mama kopo. Sote tukatazama. Akalinywa lote. Wanawake wakapiga vigelegele kama pametahiriwa mtu. Mimi nikatoka nje nikakaa nyuma ya kibanda, karibu na kishimo cha Marhoon, nikalia kwa raha.

Jumatano, 6 Mei

Alfajiri walikuja wote kumchukua. Hakuna aliyecheka njiani. Walipofika uani, Masouda akasema neno moja na kila mmoja akavua shela lake, wakazunguka pembe ya mwisho, wakayanyoosha mashela mkono kwa mkono mpaka pakawa chumba, na wakampa mama migongo yao. Wale wasemaji! Hakuna aliyekohoa. Nilikuwa na kona ya shela la Masouda mkononi, natazama bahari.

Tukangoja. Mikono ikauma, tukabadilishana. Jua likatoka. Mvuvi mmoja alipita mbali na chombo chake, Masouda akamfokea atazame kwengine.

Mwisho nikasikia sauti ya mama nyuma ya nguo. "Mahbuba, hakuna kitu, mwanangu. Sina kitu."

Tukamsubiri tena. Kisha tukamrudisha nyumbani tukimshika makwapa, na leo anakunywa kila anachopewa, mtiifu kama mtoto, na anatapika chote. Uso umevimba. Miguu imevimba.

Jumamosi, 9 Mei

Gari ya kukodi mpaka hospitali ya Matrah. Daktari ni mzungu, anazungumza Kiarabu kuliko mimi. Mafigo. Kasema yamekufa, yamekaa bila maji hadi yamekufa. Kaniuliza ilikuwaje, mtu mzima kukaa bila maji na kisima kipo. Nikamwambia mama alikuwa amefunga.

Jumapili, 10 Mei

Hospitalini kuna choo. Kidogo, cheupe, kina mlango, na mlango una komeo.

Mama alipokiona akaniomba nimpeleke. Nikampeleka, tukiburuta miguu. Mlangoni akaniachia mkono, akaingia peke yake, akalipapasa komeo, akanitazama kwa tabasamu nisilowahi kuliona tangu Unguja. Akafunga. Nikasimama nje. Muuguzi akapita, akaniuliza kama mgonjwa ana shida. Nikasema hapana, mwache.

Sikusikia kitu. Alikaa muda mrefu. Alipofungua akasema, "Pazuri."

Jumatatu, 11 Mei

Kaniomba tena nimpeleke. Kakaa tu. Jioni kaomba tena, na miguu haikuweza.

Jumanne, 12 Mei

Anazungumza na baba. Anamwambia ageuke.

Alkhamisi, 14 Mei

Mama amefariki jana kabla ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tulimrudisha Maskati, tukamwoshea kibandani. Mwoshaji ni bibi mmoja anaitwa Muhsina, mkono wake mwepesi. Wanawake walewale wakaja, wakavua mashela yao, wakayanyoosha kuzunguka kitanda, wakatoa migongo. Masouda akanipa kona ileile. Nikamwambia siishiki safari hii, nitamwagia maji mimi mwenyewe, nitamtazama.

Bibi Muhsina akamwinua kidogo, akapitisha kiganja chake tumboni, akikamua taratibu chini ya nguo, kama inavyotakiwa, kitoke kilichobaki. Akapitisha tena. Akapitisha mara ya tatu. Hakikutoka kitu. Maji niliyomwagia yalipita mchangani safi, kama yalivyotoka kisimani.

"Mashallah," akasema Bibi Muhsina. "Nshaosha watu wengi, huyu sijapata kumwona mfano wake. Msafi. Hiyo ndiyo baraka ya saumu."

"Amefunga mpaka mwisho," mmoja akasema nyuma ya shela.

"Amekwenda kwa Mola wake amefunga," akasema mwengine, na wakaanza kulia, na kulia kwao kulikuwa na furaha ndani yake. Nilitaka kumtupia mtu lile kopo. Nilitaka kusema hakufunga, mlikuwa mnamsifu anakufa, na mimi nilikuwa mwenye kusifu wa mwanzo. Nikamtazama Masouda. Yeye peke yake alikuwa hasemi. Alikuwa ameuma shela lake kwa meno.

Nikaendelea kumwaga maji.

Jumamosi, 16 Mei

Siku ya tatu, khitma. Watu wengi, hata wa ndani ya mji. Kila anayeingia anasema neno lile lile. Ami Harub kasema ataomba mtaa uite kisima kile Kisima cha Hajjat. Marhoon akainuka, akatoka, akachukua sururu na akaenda kulipiga jabali nyuma ya kibanda, mbele ya wageni wote, akipiga na kupiga, hadi Ami Harub akaenda kumkumbatia na kumnyang'anya.

Jumatatu, 18 Mei

Siwezi kunywa. Nikiliona kopo naligeuzia uso. Jana kutwa nzima sikunywa, na sikwenda uani, na jioni nikagundua kwamba nimeona raha. Mwepesi. Hakuna aliyeniona, hakuna aliyeniuliza kitu. Nikaelewa ilivyomchukua, jinsi inavyoanza vizuri.

Nimeogopa sana.

Jumanne, 19 Mei

Alfajiri Masouda hakubisha kwangu. Nadhani alifikiri niko kwenye msiba, aniache. Nilisikia makopo yao yanagongana, nikasikia anawahimiza kwa sauti ya chini, kwa heshima yangu. Marhoon alikuwa ameshaamka, kakaa pembeni anafunga vitambaa vyake. Akanitazama. Nadhani alikuwa anaichunguza midomo yangu.

Nikachota maji mtungini. Yana chumvi, ya moto tangu usiku, na nikayanywa mbele yake yote. Nikachota mara ya pili, nikanywa tena, yakinitiririka kidevuni hadi kifuani. Kisha nikajaza kopo la mama, nikatoka nje, na wao walikuwa wameshafika kwenye kona ya njia, na wanaume wanarudi kutoka msikitini, Ami Harub yumo, na Shekhe aliyesoma khitma yumo.

"Masouda!" nikaita, kwa sauti yote niliyo nayo, mtaa mzima usikie. "Ningojeeni! Nnakwenda chooni!"